Kunyimwa Bastola kwa Neno Moja la Mke Wangu

Mwl. Zolile Mdingi (mstaafu),
Nyumba ya tatu baada ya kisima cha zamani,
Kraaidrift.
19 Oktoba

Kwa Sajini Thandokazi Ntlabathi,
Afisa wa Leseni za Silaha,
Kituo cha Polisi, Kraaidrift.

Ndugu Sajini,

YAH: KUNYIMWA BASTOLA YANGU KWA NENO MOJA LA MKE WANGU, PAMOJA NA MATUMIZI MABAYA YA TAKWIMU

Natumaini u mzima, na kwamba miguu ya mama yako imepungua kuvimba. Mimi pia ni mzima, ukiacha hasira, ambayo nesi wa zahanati aliipima juzi akaikuta mia na sabini juu ya mia, akaniuliza kama nimetoka kituoni kwenu.

Nakuandikia kwa heshima zote, kama raia anavyomwandikia afisa wa serikali. Nimejitahidi kusahau kwamba mimi ndiye niliyekufundisha hesabu darasa la saba, na kwamba mtihani wa mwisho ulipata thelathini na nane kwa mia. Jambo hilo sitalitaja tena katika barua hii, labda pale itakapobidi.

Mpaka leo nimekaa kwenye benchi la ofisi yako mara kumi na moja. Mara kumi za kwanza ulinijibu kwa adabu, "Mwalimu, vuta subira, maombi yako yanashughulikiwa." Alhamisi iliyopita hukusema hivyo. Ulisema silaha zote zilizokaa kituoni bila leseni zitapelekwa kuyeyushwa mwisho wa mwezi huu, na kwamba bastola yangu iko kwenye orodha, namba kumi na tisa. Zimebaki siku kumi na mbili. Kwa hiyo nimeona niyapange malalamiko yangu kwa namba, ili mtu yeyote, hata aliyepata thelathini na nane, aweze kuyafuata.

1. Ofisi yako ilipoteza fomu yangu.

Sheria inamtaka mwenye bastola aombe upya leseni siku tisini kabla haijaisha. Mimi niliomba siku mia na nne kabla. Nilijaza fomu kwa wino mweusi, herufi kubwa, bila kukata hata neno moja. Nikabandika picha mbili, ambamo nafanana kabisa na mtu anayetafutwa na polisi, nikatia kila kitu kwenye bahasha. Bahasha nikampa mke wangu, MamQwathi, ailete kwenu Alhamisi, kwa kuwa kila Alhamisi anapita mbele ya kituo pamoja na akina mama wenzake wa kanisa, blauzi nyekundu, kofia nyeupe, na sijaona polisi aliyethubutu kuwasimamisha. Karatasi zote za serikali hapa kwetu huenda kwa njia hiyo: mume anajaza, mke anapeleka. Jioni nilimuuliza kama amefika salama na ile bahasha. Akasema, "Mambo ya bahasha yamekwisha, wewe kula." Nami nikayahesabu kuwa yamekwisha.

Miezi mitatu na nusu baadaye, Jumanne, ukaja nyumbani na orodha ya watu ambao leseni zao zimeisha. Ukasimama barazani umeshika kofia mkononi. "Samahani Mwalimu, tarehe imepita na hatuna fomu yako." Nilikwambia maneno mengi siku ile, mengine nayaonea haya, mengine bado nayapenda. Kisha nikakukabidhi bastola ukanipa stakabadhi. Hiyo ni miaka miwili na miezi mitano iliyopita, na stakabadhi imechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Ukiniuliza nina haja gani na bastola, nakujibu kwamba niliinunua mwaka wezi walipobeba kondoo wangu kumi na mmoja kwa mpigo. Tangu hapo nimeipiga mara moja tu, kwa mazoezi. Nililenga kopo la samaki juu ya nguzo ya uzio, hatua kumi na tano. Kopo halikudhurika. Risasi iliingia kwenye tangi la maji la jirani yangu Fezile, na mwaka huo ulikuwa wa ukame. Nasema haya mwenyewe kwa sababu najua MamQwathi ameshakwambia.

2. Mke wangu kuulizwa.

Nilipoomba leseni mpya kuanzia mwanzo, nilitegemea kuulizwa mimi. Mimi ndiye ninayeomba. Mimi ndiye niliyefanya jaribio la kupiga shabaha na kulifaulu mara ya tatu. Kumbe sheria inataka mke naye aulizwe! Sajini, nimeisoma sheria yote kwa miwani na bila miwani, na bado sijaona mantiki yake. Kama mtu akitaka leseni ya gari haulizwi mkewe anaonaje, na MamQwathi kuhusu uendeshaji wangu ana maoni ya kurasa nyingi.

Ulikuja mwezi uliopita. Nikafukuzwa kwenye nyumba yangu mwenyewe, eti nikaangalie kuku. Hatuna kuku. Nilisimama nyuma ya dirisha la jikoni nikijifanya nakagua ukuta, nikakusikia unakunywa chai nyekundu na kula skonzi nne, za kwangu. Kwanza mlicheka sana, nikajua mmefika kwenye tangi la maji. Kisha mkanyamaza. Mlinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani mmetokea mlango wa mbele. Ulipotoka ulikuwa unapenga kamasi, nikakushauri unywe majani ya mkalitusi, nawe ukanishika mkono kwa mikono yako miwili kama uko msibani. Ugonjwa kama huo unaambukiza, sikupenda.

Mara ya kumi nilipofika ofisini ulinionyesha jalada. Fomu inauliza: Je, mwenzi wa mwombaji anaona mwombaji yuko tayari kurudishiwa silaha? Pameachwa mistari sita ya kujibia. Mke wangu amejibu kwa neno moja. "Bado."

Bado! Kama mimi ni nyama jikoni! Nina umri wa miaka sitini na saba. Nimeoa, nimezaa, nimezika wazazi, nimefundisha watoto wa wilaya nzima mpaka sehemu na desimali. Nilimfuata nikamuuliza, bado nini? Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Bado ni bado, Gatyeni." Mke wangu ananiita kwa jina la ukoo wangu anapokuwa ananipenda na anapokuwa hataki kuongezewa swali, na kwa miaka arobaini nimeshindwa kutofautisha.

Nauliza serikali: sheria ya nchi nzima, iliyopita bungeni, ikapigiwa kura na watu wenye tai, inaning'inia kwenye neno la mwanamke mwenye unga viganjani?

3. Takwimu.

Nyuma ya meza yako umebandika ukurasa wa gazeti. Umeandikwa kwamba vifo vya risasi nchini vilipungua mwaka hadi mwaka baada ya sheria ya silaha kukazwa, na kwamba usimamizi ulipolegea vikaanza kupanda tena. Ukaniambia, "Mwalimu, namba hazidanganyi, si wewe uliyetufundisha?" Sajini, sikuwahi kufundisha kitu cha namna hiyo. Nilifundisha kwamba namba hujibu swali uliloiuliza, haijali kama swali lina akili au halina. Siku niliyofundisha hilo hukuwepo, nina rejesta.

Vifo vikipungua baada ya sheria, nani amesema ni sheria? Tangu sheria ije, barabara ya kwenda makaburini imetiwa lami. Pengine watu wameona njia imekuwa rahisi mno wakaghairi. Tangu sheria ije nimeota mvi kichwa kizima. Kwa hesabu za gazeti lako, mvi zangu zimeokoa maisha ya maelfu.

Nikaamua kufanya utafiti wangu. Nilitembea kata yetu siku nne, daftari mkononi, nikibisha hodi mlango kwa mlango na kuuliza ni watu wangapi wamekufa kwa risasi. Nyumba nyingine walinipa chai, nyingine walidhani nauza bima ya mazishi. Matokeo ni haya: miaka kumi kabla ya sheria, mtu mmoja. Miaka kumi baada ya sheria, watu wawili. Ongezeko la asilimia mia moja. Hapa Kraaidrift, sheria ya kuzuia vifo imevizidisha mara mbili.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, naeleza nilivyohesabu. Yule mmoja wa mwanzo alipigwa risasi Johannesburg, akaletwa kwetu kuzikwa. Mwanzoni nilimtoa, maana kifo chenyewe ni cha Johannesburg. Lakini nilipomtoa nikabaki na sifuri, na ili nipate asilimia ya ongezeko ingenibidi nigawanye kwa sifuri, kosa ambalo nimelikatia watoto alama miaka thelathini na moja. Nikamrudisha. Marehemu atanisamehe kwa kumsafirisha mara mbili.

Kati ya wale wawili wa baadaye, mmoja ni Mbulelo, ambaye sote tunajua alipigwa na radi. Hata hivyo alipigwa na radi akiwa na bunduki begani, na mjane wake anaamini ni chuma kile kilichoiita. Nikamwingiza. Dhamiri ikanisumbua, nikamhesabu nusu. Ongezeko likashuka papo hapo likawa asilimia hamsini, nami nilikuwa nimeshazoea mia moja. MamQwathi aliposikia kwamba nimemkata marehemu nusu, aliacha vyombo akanigeukia. "Mbulelo alikuwa anaimba besi kanisani, mwanamume wa kilo mia na ishirini. Wewe hiyo nusu umeitoa upande gani?" Kwa heshima ya familia nikamrudisha mzima.

Nikaja sasa kwenye swali kubwa. Kama sheria inaokoa watu, wako wapi? Aliyekufa namjua, ana kaburi. Aliyeokolewa yuko wapi, nyumba gani, anaitwa nani? Jumapili baada ya ibada nilisimama kwenye mkutano wa wanaume nikaomba kila mtu ambaye hakupigwa risasi mwaka jana anyooshe mkono. Wakanyoosha wote thelathini na wawili, na mchungaji. Nikaona nimeliuliza vibaya. Nikarekebisha: anyooshe mkono yule ambaye angepigwa, ila sheria ikazuia. Mikono yote ikashuka. Fezile akasimama akasema, "Sasa Mwalimu, mtu ambaye hakupigwa atamjuaje ambaye hakumpiga?" Wakaangua kicheko mpaka mkutano ukavunjika kabla ya ajenda ya paa. Mimi nikaandika daftarini: waliookolewa, sifuri.

4. Kuachwa bila ulinzi.

Mwezi Julai, saa nane mchana, nikiwa nimejinyoosha baada ya chakula, nikaona vijana wawili wako ndani ya zizi langu, mmoja amemshika mguu kondoo jike mwenye mimba. Niliruka hadi kwenye sefu. Sefu ilikuwa tupu, kwa hisani ya ofisi yako. Ndani yake palikuwa na cheti changu cha ubatizo na betri za redio.

Kilichokuwa karibu ni kengele ya shule, ambayo niliichukua shule ilipofungwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nikatoka nayo barazani nikaigonga kama ninavyoijua mimi, kengele ya kuingia darasani. Sajini, usingeamini. Watu wazima walitoka kwenye nyumba zao mbio. Fezile alitoka na sabuni usoni. Mama mmoja aliniambia baadaye kwamba alijikuta anatafuta daftari. Na wale wezi wawili, ambao niliwafundisha wote, waliganda pale pale zizini. Yule wa kondoo akauachia mguu polepole, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Nikawaandika majina. Wazazi wao walikuja jioni, mambo yakazungumzwa, na kwa mwezi mzima vijana wale walinirekebishia uzio.

Naleta kisa hiki kama ushahidi kwamba mtu kama mimi hawezi kuishi bila bastola. Fezile anasema kisa chenyewe kinaonyesha kinyume chake. Fezile hajawahi kunisamehe lile tangi.

5. Kwa nini siamini hesabu za serikali.

Hili halihusu ofisi yako, lakini liko kifuani na karatasi bado ipo.

Shule yetu ilifungwa Desemba, miezi mitano kabla hujaja kuichukua bastola. Unaikumbuka, vyumba vinne na mti wa pilipili. Wizara ilituma fomu, wakitaka kujua wanafunzi ni wangapi, maana shule ikipungukiwa na idadi fulani inafungwa na watoto wanapelekwa kwa basi shule ya mjini. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alijaza na watoto waliohamia Cape Town, na mmoja aliyekwishaolewa, na shule yake iko wazi mpaka leo. Mimi nilijaza sitini na wanne, kwa sababu walikuwa sitini na wanne. Nilihesabu mara tatu. Nilijivunia fomu ile. Nilipiga mstari kwa rula chini ya jumla.

Namba zangu zilikuwa sahihi na zikaifunga shule yangu. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Siku ya mwisho watoto walibeba madawati kwenda kwenye lori, wakaniaga kwa kuniimbia, na mimi nilikuwa nimesimama pale na chaki mfukoni, sina pa kuiandikia. Iliniuma. Bado inaniuma. Watu sitini na wanne nimewaondoa kwa kalamu, bila risasi hata moja.

Baada ya hapo nilipumzika ndani kidogo, kama wiki tano au zaidi, watu wakasema nina malaria, ingawa Kraaidrift hakuna malaria. Sasa nimepona. Nataja tu ili uelewe kwamba mtu akinijia na namba kwenye gazeti na kuniambia kwamba hii namba ndogo ni watu waliopona, namuuliza nani alijaza fomu.

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako yafuatayo. Bastola yangu iondolewe kwenye orodha ya kuyeyushwa kabla mwezi haujaisha. Swali la mke lifutwe kwenye fomu, au kama serikali inalipenda sana, libakizwe kwa wanaume walio chini ya miaka arobaini. Marehemu Mbulelo aingizwe kwenye takwimu za taifa, mzima. Gazeti lile libanduliwe ukutani, na mahali pake niwekwe mimi, siku mbili kwa wiki bila malipo, nikieleza wananchi tofauti kati ya kitu kilichotokea baada ya kingine na kitu kilichosababishwa na kingine. Na afisa yeyote atakayekula skonzi nne nyumbani kwa mwombaji awe na shukrani ya kumpitishia angalau karatasi moja.

Nikikosa jibu, nitapanda hadi kwa Kapteni, kutoka kwa Kapteni hadi jimboni, kutoka jimboni hadi kwa askofu, ambaye aliniomba kwa maandishi nisimwandikie tena.

Nisalimie mama yako, umwambie limau na maji ya vuguvugu. Nisalimie konstebo wa mapokezi ambaye huniletea gazeti nikiwa benchini, na yule mfungwa anayefagia, tulikuwa tumefika mahali pazuri kwenye mazungumzo yetu. Wasalimie wote waliokuwa darasa lako, waliofaulu na wewe.

Ni mimi mlalamikaji wako mwaminifu,

Zolile Mdingi
Mwalimu wa Hesabu (mstaafu), na Mtafiti

Tanbihi.

Sajini, barua hii niliimaliza jana. Leo asubuhi nimempa MamQwathi aisome kabla sijaifunga, kama anavyosoma zote tangu lile jambo la askofu. Amecheka pale kwa Mbulelo, akacheka tena pale kwa kuku. Alipofika mwisho hakunirudishia. Alirudi kwenye namba moja, akaisoma upya, akavua miwani.

Akasema, "Ofisi haikupoteza fomu yako, Gatyeni. Haikuwahi kuiona." Aliitia kwenye jiko la kuni Alhamisi ile ile, bahasha, picha na kila kitu, kabla hajavaa blauzi yake nyekundu.

Nilisimama ili nipige kelele. Akaniambia kaa, nikakaa.

"Ulikuwa huli," akasema. "Hunyoi ndevu, husemi na mtu, unaangalia ukuta. Wiki ya tano ukaamka ukaomba kalamu nyeusi. Nilimshukuru Mungu, nikasema mume wangu karudi. Nikaja na chai nikaona ni karatasi ya nini unajaza, na unavyoijaza vizuri." Bastola hangeweza kuificha, ningeitafuta. Kuniambia hangeweza, ningekana. Karatasi aliiweza. Alingoja tarehe ipite, na miezi mitatu na nusu yote hiyo, kila asubuhi nikiwa naoga, alifungua sefu akahesabu risasi. Zikiwa sita, anapika uji. Siku ulipokuja na orodha yako mimi nilikuwa barazani nakufokea, yeye alikuwa jikoni amekaa sakafuni. Sasa najua mlinyamazia nini mwezi uliopita. Usinywe yale majani ya mkalitusi, huna ugonjwa.

Sikubishana naye. Asubuhi anazozisema nazijua. Sitaziandika hapa.

Kwa hiyo utafiti wangu wa namba tatu una kasoro. Nilibisha hodi kata nzima siku nne nikimtafuta mtu mmoja aliyeokolewa, na mlango pekee ambao sikuupitia ni wangu. Mwanafunzi akiniletea kazi kama hiyo ningempa chini ya thelathini na nane. Bastola namba kumi na tisa iende na wenzake.

Lakini nilikuwa bado na hasira, nikamuuliza kwa nini miaka miwili yote hii ameniacha nikuhangaishe wewe bure, benchi mara kumi na moja, vitisho vya kwenda kwa Kapteni na askofu, na yeye anajua. Alikuwa ameshaanza kumenya viazi. Akasema, "Jumanne ile Thandokazi alipoichukua, uliingia ndani unafoka, ukakaa mezani ukala sahani mbili. Ndiyo mara ya kwanza tangu Desemba. Nikasema basi, kama ni malalamiko ndiyo yanayomlisha, mwache alalamike."

Barua nakuletea hivi hivi ilivyo. Nitaileta mwenyewe.

Z.M.